Vifaa vya sanaa vilivyotumika: kundi lako Mwanza lichague njia ipi ya kugawa, kutengeneza na kukusanya

Makundi mengi ya kujitolea huanza mradi wa kuwafikishia watoto vifaa vya sanaa vilivyotumika kwa kutafuta boksi la kukusanyia. Boksi hujaa haraka, kwa sababu vitu vipo. Shule zinapokaribia kufunga, mwezi Juni na mwisho wa mwaka, madarasa ya awali hufagia krayoni zilizovunjika, maka peni zilizokauka, vipande vya penseli na karatasi zilizotumika upande mmoja. Wiki chache baadaye boksi hilo liko kwenye stoo ya mtu, krayoni zimeshikamana kwa joto la bati, na hakuna mtoto aliyepata kitu. Kinachokwamisha miradi hii ni uhaba wa mikono ya kuchambua, na kukosekana kwa njia iliyopangwa ya kuvifikisha vifaa kwa watoto.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia mwisho kuja mwanzo. Amueni kwanza watoto watapewa kwa mtindo gani, kisha vifaa vitengenezwe vipi, halafu ndipo mjue vikusanywe wapi na kiasi gani. Mkikusanya kabla ya kujua hayo mawili ya mwanzo, mtakuwa mmejitwisha mzigo.

Boksi la darasa au kifurushi cha kila mtoto

Chukua darasa la watoto 80, idadi isiyo ngeni katika shule za umma za mjini. Krayoni nzima ya kawaida ina urefu wa sentimita 9 hivi na unene wa milimita 8, na uzito wake unakaribia gramu 5. Kilo moja ni krayoni kama 200.

Kila mtoto akipewa kifurushi cha krayoni 8, unahitaji krayoni 640, yaani zaidi ya kilo 3, zikiwa safi na zimeshatengwa kwa rangi. Darasa lilelile likitumia boksi la darasa, yaani vifaa vya pamoja, likagawanywa kwenye meza 10 za watoto wanane, kila meza ikapewa kopo lenye krayoni 16, unahitaji krayoni 160 tu, chini ya kilo moja. Kopo hilo liongezewe penseli 4, kichongeo kimoja, raba moja iliyokatwa vipande vinne na brashi 4. Kwa kundi lenye watu wachache wa kuchambua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mradi utafikia darasa moja au manne.

Boksi la darasa lina ugonjwa wake, nao unajulikana kwa walimu wote: linafungiwa kabatini. Mwalimu aliyekabidhiwa vifaa kwa kusaini huogopa kuulizwa vilipo, hivyo vinabaki vipya hadi mwaka unaisha. Dawa yake iwekwe kwenye barua ya makabidhiano: andikeni waziwazi kwamba vifaa hivi ni vya kutumika hadi viishe, na kwamba hakuna atakayekuja kuvihesabu. Mnachoomba kurudishiwa ni vipande vilivyobaki mwisho wa muhula, viwe vingapi viwavyo. Kila kopo liwe na mtoto mmoja anayelibeba kutoka mezani kwa mwalimu na kulirudisha, na kipindi kiishe dakika tano kabla ya kengele, ili kuokota kufanyike na watoto wenyewe.

Kifurushi cha mtoto mmoja kina gharama yake, lakini kipo mahali pake. Watoto wa visiwani, ambako mnaweza kufika mara moja kwa muhula kwa meli ya Nansio, Ukerewe, au kwa boti, wanafaidika zaidi na kitu wanachokwenda nacho nyumbani. Ni kweli kwamba ndugu watagombania na krayoni zitaisha ndani ya wiki. Hiyo si hasara. Mtoto aliyemaliza krayoni nane kwa kuchora pamoja na wadogo zake amezitumia kuliko yule ambaye kopo la darasa lake limelala kabatini.

Wodi za watoto hospitalini ni sura ya tatu, na hapo hakuna kuchagua: kifurushi cha mtoto mmoja tu, kisichorudi, chenye krayoni zilizoyeyushwa na kufinyangwa upya, baada ya kuzungumza na muuguzi anayesimamia wodi. Krayoni zilizotumika zikaoshwa tu zisipelekwe huko. Hata taasisi ya The Crayon Initiative ya California, ambayo hukusanya krayoni zilizoachwa migahawani na mashuleni, huziyeyusha kwanza na kuzitengeneza upya kabla ya kuzipeleka hospitali za watoto.

Kwa kundi linaloanza, tunapendekeza boksi la darasa, shule moja, madarasa mawili. Mkishaona krayoni zinakwisha kwa kasi gani ndipo mwongeze.

Kutengeneza bila moto au kwa moto

Watu hupenda kuyeyusha krayoni. Inapendeza machoni, picha zake zinavutia wafadhili, na inaonekana ndiyo "kazi yenyewe". Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mnachokusanya haihitaji moto kabisa, na kundi likianza na jiko hutumia nguvu zake zote kwenye kile kinacholipa polepole. Anzeni na kazi baridi. Kazi zenyewe ni hizi hapa.

Penseli. Penseli iliyobaki sentimita 5 bado ina kazi, tatizo ni kuishika. Kata utepe wa manila wenye upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 15, pake gundi, uviringishe kwa nguvu kwenye mkia wa penseli, ukiacha nusu ya utepe ining'inie kama mpini. Ukikauka unakuwa mgumu kama mti. Matete ya kando ya ziwa nayo yanafaa, mradi tundu lake liwe la milimita 7 au 8. Penseli inayokatika ncha kila inapochongwa mara nyingi imeangushwa na risasi yake imevunjika ndani. Ikikatika mara tatu mfululizo, itupe. Lakini kabla ya kulaumu penseli, badilisha kichongeo. Wembe butu huvunja risasi nzima.

Karatasi. Hapa ndipo penye utajiri mkubwa usioonekana. Karatasi ya A4 iliyochapishwa upande mmoja ikikunjwa katikati, maandishi yakiwa ndani, inatoa kurasa mbili safi za A5 kwa nje. Panga karatasi 16 zilizokunjwa hivyo, mikunjo yote ielekee upande mmoja, kisha shona upande ulio wazi: matundu matatu kwa msumari, sentimita moja kutoka ukingoni, na uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ambao Mwanza haukosekani. Unapata daftari la kuchorea la kurasa 32 lisilochanika. Wengi hushona upande wa mkunjo kama daftari la kawaida, na matokeo yake maandishi yanabaki nje kila baada ya ukurasa.

Gundi ya kazi hizi msiinunue. Koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwenye kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Ikishang'aa, imeiva. Hudumu siku mbili, ya tatu inaanza kunuka, kwa hiyo pikeni ya siku hiyo tu.

Maka peni. Zijaribuni zote kwenye karatasi, kisha zinuseni. Isiyo na harufu kali ni ya maji. Yenye harufu ya spiriti ni ya kudumu. Hizi za spiriti zitengeni kwa ajili ya walimu kuandikia mabango, wala zisiingie kwenye kopo la watoto wadogo. Ya maji iliyokauka mara nyingi bado ina rangi ndani, kilichokwisha ni maji. Ng'oa kizibo cha nyuma kwa koleo, dondoshea matone matatu hadi matano ya maji yaliyochemshwa yakapoa, rudisha kizibo, funga mfuniko, isimamishe ncha ikiwa chini hadi kesho yake. Ukizidisha maji, inavuja na rangi inapauka. Kalamu moja hufufuka mara moja, pengine mbili, basi.

Zile zisizofufuka zina kazi ya mwisho, na kwetu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote kwa gharama yake. Funga pamoja kalamu 10 hadi 12 za rangi moja, ziloweke ncha chini kwenye nusu glasi ya maji kwa siku nzima, na maji yanageuka rangi ya kupaka kwa brashi. Ihifadhi rangi hiyo kwenye chupa yenye mfuniko, mahali pasipo jua. Ikianza kuota ukungu, mwaga. Krayoni nyeupe, ambazo kila boksi hujaa kwa sababu hazionekani kwenye karatasi nyeupe, zinapata maana hapa: mtoto achore kwa krayoni nyeupe, kisha apake juu yake rangi hii ya maji. Nta inakataa maji na mchoro unajitokeza. Wafundisheni walimu mbinu hiyo siku mnapokabidhi, la sivyo krayoni nyeupe zitarudi zote kama zilivyokwenda.

Brashi zilizokakamaa kwa rangi ya maji zinalainika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Zilizokakamaa kwa rangi ya mafuta mziache. Mbadala ni kipande cha kamba ya katani, ncha yake ikifumuliwa sentimita 2 na kuchanwa kwa kitana, mkia ukifungwa kwa uzi. Kwa kupaka eneo kubwa inaishinda brashi ya dukani ya bei nafuu.

Chaki tunashauri muache. Chaki ya ubaoni ikisagwa na kuloweshwa haishikani tena kama mwanzo, kwa sababu jasi yake ilishaganda mara moja. Inakauka na kupukutika, na vumbi lake linaingia vifuani mwa wanaosaga. Vipande vipewe watoto kama vilivyo, wachoree sakafuni.

Sasa moto. Unahitajika kwa mambo mawili: vipande vya krayoni vifupi kuliko kidole gumba, na krayoni za wodini. Hesabu kazi kabla hujawasha jiko. Kumenya karatasi ya krayoni moja ukikadiria sekunde 10, kilo moja ni zaidi ya nusu saa ya mtu mmoja, na hapo hujatenga rangi. Kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa robo saa hufanya karatasi nyingi ziteleze zenyewe. Zikaushwe kabisa baadaye. Tone la maji kwenye nta ya moto huruka.

Kutenga rangi ndiko kunakoamua ubora. Krayoni zikichanganywa zote hutoa kahawia moja ya matope ambayo hakuna mtoto anayeitaka. Tengeni familia sita: njano, nyekundu na pinki, buluu, kijani, kahawia na machungwa, nyeusi. Njano ilindwe kuliko zote, kwani kipande kimoja cha nyeusi kinaharibu kopo zima. Kazi hii watoto wa kuanzia miaka minane wanaiweza vizuri na wanaipenda, na ndiyo pekee wanayopaswa kupewa siku ya moto. Jikoni wawe watu wazima tu.

Ondoeni pia aina mbili zinazojificha humo. Krayoni za plastiki, ngumu na zenye kung'aa, haziyeyuki kwenye maji ya moto na zitabaki kama mawe ndani ya nta. Rangi laini za mafuta, zinazoacha alama nene kidoleni ukizigusa tu, zitalainisha mchanganyiko wote, na krayoni itakayotoka itavunjika mkononi.

Kopo la nta lisikae moja kwa moja juu ya mkaa. Nta ya parafini ikikaribia nyuzi 200 mvuke wake hushika moto. Weka sufuria yenye maji ya kina cha sentimita 5, weka kokoto bapa chini, juu yake kopo la maziwa ya unga ambalo mdomo wake umebanwa kwa koleo liwe na kimfereji cha kumiminia. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo nta ndani ya kopo haiwezi kupita hapo maadamu maji yapo. Krayoni zinayeyuka kati ya nyuzi 50 na 65. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuangalia maji yasikauke. Karibu naye pawe na mfuniko wa sufuria na ndoo ya mchanga. Nta ikishika moto, funika. Maji juu ya nta inayowaka hulipua moto usoni. Jiko liwe nje, chini ya kivuli, kamwe si ndani ya darasa lililofungwa.

Kosa la kawaida katika kumimina ni haraka. Nta ikiwa ya moto mno, chembe za rangi huzama chini na nta tupu inabaki juu. Krayoni ikipoa inaandika upande mmoja, upande wa pili inateleza tu. Toa kopo, subiri dakika mbili tatu nta ianze kuwa nzito ukingoni, koroga polepole, mimina, koroga tena kabla ya kumimina nyingine. Vifuniko vya chupa za maji vinatosha kuwa kalibu: vinavumilia joto hilo, tofauti na chupa zenyewe ambazo hujikunja. Vinatoa krayoni bapa na nene, nzuri kwa mikono midogo ya chekechea. Vikipoa nusu saa, viweke kwenye maji baridi na krayoni itatoka kwa kugonga. Kuzitia kwenye friji zikiwa bado za moto huzipasua.

Futa kopo kwa gazeti likiwa bado na joto. Nta isimwagwe kwenye sinki wala mfereji.

Njia tatu za kukusanya

| Njia | Faida yake | Inachodai | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Boksi la kudumu shuleni au steshenari | Vitu vinaingia kidogo kidogo mwaka mzima | Mtu wa kulikagua kila wiki | Linageuka pipa la taka |
| Siku moja ya makusanyo | Vitu vingi na watu wengi kwa wakati mmoja | Watu 10 au zaidi, uwanja, matangazo | Mlima wa vitu visivyochambuliwa |
| Mzunguko wa kufuata vyanzo | Vitu safi, mnajua vinatoka wapi | Watu 3, bajaji, siku isiyobadilika | Mkikosa mara mbili, chanzo kinaacha kutunza |

Boksi la kudumu linaonekana rahisi, na ndilo linalosumbua kuliko yote. Likiwa wazi juu, ndani ya siku tatu lina maganda ya ndizi na chupa za soda. Lifungeni juu na kuacha tundu la sentimita 6 kwa 6, ili chupa isipite. Libandikwe orodha ya vitu vitano vinavyopokelewa, kwa picha, kwa sababu watoto wa awali ndio watupaji wakuu. Lisikae juani wala chini ya dirisha la magharibi. Na pasipokuwa na mtu mwenye jina linalojulikana wa kulifungua kila Ijumaa, msiliweke kabisa.

Siku ya makusanyo inafaa kundi ambalo tayari lina watu, mathalani vijana wa kanisa au msikiti, au chama cha wazazi. Sharti lake ni moja: uchambuzi ufanyike palepale. Panga meza tano, krayoni, penseli, maka peni, karatasi na "vinginevyo", na aliyeleta apite mezani mwenyewe badala ya kuacha mfuko getini. Wekeni saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Jihadharini na mvua, kwani karatasi iliyolowa hairudi. Kwenye mitaa ya milimani kama Bugarika na Mabatini, pokeeni chini barabarani. Kumwambia mtu apande na boksi kwenye ngazi za mawe ni kumwambia asije.

Mzunguko wa vyanzo ndio tunaoupendelea, hata kama hauna shamrashamra. Watu watatu, siku moja isiyobadilika kila mwezi, vituo visivyozidi sita: shule mbili za binafsi, steshenari mbili, kiwanda kidogo cha uchapaji, ofisi moja. Mchapaji ana makatio, vipande safi vinavyobaki mashine ikishapunguza kingo za karatasi. Mara nyingi huvitupa, na kwa mtoto wa awali ni kadi za kuchorea zilizokatwa tayari. Steshenari ina manila zilizokunjika na krayoni ambazo pakiti yake imechanika. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, hivyo boksi lisizidi rimu nne, mtu mmoja aweze kulibeba.

Ofisi zinahitaji uangalifu wa pekee. Karatasi za zahanati, benki, matokeo ya mitihani au barua zenye majina na namba za simu za watu zisichukuliwe, hata upande wa pili ukiwa mweupe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hilo, na hata bila sheria, hakuna mzazi anayetaka majibu yake ya vipimo yawe nyuma ya mchoro wa samaki. Ombeni mwenye ofisi achambue mwenyewe kabla hamjafika, na ninyi mpitie tena.

Kitu kingine cha kukataa, kwa upole lakini bila kusita, ni mabaki ya rangi za nyumba na za mabango. Mtu huleta debe nusu kwa moyo mweupe. Rangi za mafuta, hasa za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hazifai kuchorea, hazifai hata kupaka makopo ya krayoni.

Tukilinganisha kwa ukubwa wa kundi: watu watatu hadi sita, nendeni na mzunguko, kazi baridi na boksi la darasa. Mkiwa kumi na zaidi, ongezeni siku moja ya makusanyo mwishoni mwa Novemba, mchambue Desemba, mgawe shule zikishatulia Januari. Kuyeyusha kuje baada ya hapo, mkishakuwa na kilo 3 au zaidi za vipande vilivyotengwa kwa rangi. Chini ya kiasi hicho mkaa na muda havilipi.

Barua, stoo na mabaki

Nyamagana iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, Ilemela ni manispaa yake yenyewe. Barua mliyopewa upande mmoja haiwafungulii mlango wa shule upande wa pili, hata kama shule hizo zinatazamana. Anzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho, kisha afisa elimu kata, ndipo mwalimu mkuu. Kwenye barua taja vifaa kwa majina na idadi, darasa litakalopokea, na kwamba vitatumika kwenye somo la Sanaa na Michezo. Barua inayosema "msaada wa vifaa mbalimbali" hukaa mezani.

Stoo iwe na dari, au angalau boksi zisikae kwenye rafu ya juu chini ya bati, kwani mchana joto la hapo linatosha kulainisha krayoni. Karatasi zikae juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu ya unyevu na mchwa. Kila boksi liandikwe kilichomo na tarehe. Stoo ikijaa, acheni kukusanya hadi mgawe.

Kila mzunguko huacha mabaki. Maka peni zilizokufa zing'olewe ncha na sifongo ya ndani, maganda yake yakusanywe kwa ajili ya wanunuzi wa plastiki ngumu. Ulizeni kwanza mnunuzi wenu kama anapokea aina hiyo, maana wengine wanataka chupa tu. Zisichomwe uani. Vipande vya mbao za penseli na karatasi zilizolowa zikishakauka vinafaa kuwashia jiko, ila zile zilizopakwa rangi ziende kwenye taka za kawaida. Maji ya kuoshea brashi na makopo yaachwe kwenye ndoo hadi rangi ituame, maji ya juu yamwagwe kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, na tope la chini likaushwe kwenye gazeti litupwe na taka. Mifereji ya katikati ya mji inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.